Grisi ya Liemba, Pamba ya Kibirizi

Mwezi ukiwa mpevu, mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hubadilika sauti. Wavuvi wa dagaa hawatoki, maana taa zao hazina kazi mbele ya mbalamwezi, na kwa siku hizo chache boti zilizopandishwa mchangani huwa mikononi mwa mafundi. Ukiteremka kutoka barabarani asubuhi, nyundo utazisikia kabla hujamwona mtu. Ni nyundo za mti, zinagonga taratibu kwa mwendo mmoja, na kila boti ina mlio wake.

Mwezi uliopita nilikaa hapo tangu saa moja hadi jua lilipokuwa kali. Mzee mmoja, fundi wa boti tangu ujana wake, alinikaribisha kivulini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaendelea na shughuli yake, yaani kukaa juu ya gogo ameupa mgongo ubavu wa boti, akichonga kigingi kwa kisu. Nyuma yake kijana wa miaka kama kumi na saba alikuwa akikalafati.

Kwa asiyejua kazi hii: mbao za boti, hata zikirandwa kwa uangalifu wa namna gani, huacha mwanya kati ya moja na nyingine. Mwanya huo huzibwa kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mawese, ikisukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Boti ikiingia majini mbao hunywa maji, hufura, na kuibana pamba mpaka maji yakose njia. Pamba ikiwa kidogo, boti inavuja. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zikifura zinasukumana na misumari inalegea. Kipimo cha katikati hakijaandikwa popote.

Mzee akaacha kuchonga. Hakugeuka.

"Hapo toa."

"Imejaa, babu," kijana akajibu.

"Imejaa mdomoni. Tumboni hamna kitu. Toa."

Kijana akachukua kikulabu akavuta. Ikatoka pamba ya urefu wa mkono mmoja, na kweli, mwanya ulikuwa umezibwa juu juu; ndani palikuwa patupu. Nikamuuliza mzee amejuaje na hakutazama. "Pamba ikishika chini nyundo inarudi," akasema. "Isiposhika, nyundo inazama. Sikiliza." Nikasikiliza kwa muda mrefu. Sikusikia tofauti yoyote. Kijana yeye alianza kuisikia. Nilimwona akiinamisha kichwa ubavuni mwa boti kila baada ya mapigo machache.

Makala haya yametokana na urefu ule wa mkono mmoja wa pamba. Mwenye boti asingeiona kasoro ile. Mkaguzi anayehesabu maboya ya kujiokolea asingeiona. Abiria wa kwenda vijiji vya kaskazini kwa boti za mizigo, mama na mtoto mgongoni, wasingeiona mpaka maji yawafikie miguuni usiku wa upepo, juu ya ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470. Thamani ya fundi iko pasipoonekana, na sisi tumezoea kulipia panapoonekana tu. Mengi tunayoyalalamikia kuhusu mafundi wetu yanaanzia hapo.

Hapa Kigoma tuna ushahidi mkubwa wa jambo hili. Meli tunayoiita MV Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi huku mwisho wa reli, reli ambayo nayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu walitumwa kuja kuiunganisha: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Ikaunganishwa upya ufukweni, ribiti kwa ribiti, na Februari 1915 ikashushwa majini.

Mwaka uliofuata, Vita Kuu ya Kwanza viliwaelemea Wajerumani. Julai 26, 1916, wakijiandaa kuiacha Kigoma, waliizamisha meli isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mtu mwenye haraka angetoboa tumbo la meli akaondoka zake. Wale mafundi walipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu upande wa mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji wakaiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Miaka minane ilikuwa imepita tangu grisi ile ipakwe, mingi kati yake chini ya maji, na mitambo ilikutwa ingali inafaa. Mei 1927 meli ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliisukuma hadi miaka ya 1970, zilipong'olewa na kufungwa za dizeli.

Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, na watu huisimulia kama hadithi ya vita. Kwangu ni hadithi ya grisi. Wanaume wale walikuwa wanashindwa, bunduki ziko njiani, na hakuna bosi ambaye angekuja kukagua kama kila kipande kimepakwa. Waliipaka mitambo ile kwa ajili ya fundi mwingine wasiyemjua, atakayekuja kuifungua siku wasiyoijua. Bibi wa Kipili au Kasanga aliyepanda Liemba miaka ya 1950 na magunia yake ya mchele alikuwa anasafiri juu ya grisi ile. Na meli yenyewe, iliyokuwepo kwa sababu ya grisi ile, ndiyo iliyokwenda Kagunga mwaka 2015 kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama ufukweni na kuwaleta Kigoma mjini.

Lipo jambo moja katika hadithi hiyo linalonikera. Majina ya mafundi watatu wa Papenburg nimeweza kukuandikia hapa, kwa sababu kuna mtu aliyeyatunza. Lakini ribiti zile hazikupigwa na watu watatu. Walikuwepo vibarua na mafundi Waafrika na Wahindi waliowasha moto, walioshika koleo, waliobeba mabamba ya chuma kwenye mabega. Maisha yangu yote mjini hapa sijapata kusikia jina la hata mmoja wao.

Desturi hiyo haijafa. Nenda kwenye jengo lolote la umma utakuta jiwe la msingi, marumaru nyeusi na maandishi ya dhahabu: jina la mgeni rasmi, cheo chake, tarehe. Mgeni rasmi alikaa hapo saa mbili. Mwashi aliyenyoosha kuta zile kwa timazi, akakesha kumwagilia zege lisipasuke, hayupo kwenye jiwe wala kwenye kumbukumbu za ofisi. Jengo likipasuka hatujui wa kumuuliza. Likisimama miaka sitini hatujui wa kumshukuru.

Na hali hii inapingana na lugha yetu wenyewe. Kufunda, kufunza, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi: maneno haya na fundi ni ukoo mmoja. Waliotuachia Kiswahili hawakuona mstari kati ya anayejua kwa mikono na anayejua kwa kitabu. Huyo aliyejua alikuwa fundi, na kazi yake nusu ilikuwa kufanya, nusu kufunda mwingine. Mstari tumeuchora sisi. Mzazi anamwambia mtoto, "usiposoma utaishia saidia fundi," na mtoto anakua akiamini kwamba kuchanganya zege ni adhabu ya waliofeli. Kisha tunashangaa kwamba zege limechanganywa na mtu asiyelipenda.

Sasa niseme la upande wa pili, kwa sababu kuwatetea mafundi bila kulitaja hakuna maana. Mafundi wetu wengi wanadanganya. Kila msomaji ana kisa chake: nguo ya Iddi iliyokuja siku tatu baada ya Iddi, kitanda cha mninga kilichogeuka kuwa cha mbao nyingine chini ya vanishi, simu isiyopokelewa, "niko njiani" inayosemwa na mtu aliyelala. Lipo hata jina, fundi maiko, la yule anayeharibu kuliko kutengeneza.

Mimi pia yamenikuta. Nilijengesha choo na bafu nyumbani kwa mama yangu, Ujiji. Nilipata bei kwa mafundi wawili, nikamchukua wa chini. Alipomaliza, vigae vilikuwa vimenyooka kama karatasi, na nikamlipa nikiwa na furaha. Baada ya miezi minne ukuta wa chumba cha jirani ukaanza kutoa ukungu. Fundi wa pili, yule niliyemkataa, alipovunja sakafu alikuta bomba la maji taka limelazwa bapa bila mteremko, na kwenye maungio gundi imepakwa juu ya vumbi. Gharama ya kurudia ilizidi ile bei ya juu niliyoikataa. Mama alisema neno moja tu: "Uliangalia vigae, mwanangu."

Ni kweli, niliangalia vigae. Na swali ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu siku hiyo ni hili: yule fundi wa kwanza angefaidika nini kwa kuweka mteremko? Kazi ya kuchimba zaidi, kupima kwa pima maji na kusafisha kila ungio ingemchukua siku moja na nusu. Siku hiyo na nusu mimi nisingeilipia, kwa sababu nisingeiona. Fundi wa pili, ambaye bei yake ya kwanza ilikuwa imejumuisha siku hiyo na nusu, niliona ananipunja. Kwa hiyo kati ya waaminifu na wasio waaminifu, mteja wa kawaida, bila kujua, humfukuza mwaminifu. Mwaminifu akifukuzwa mara tano atafanya mojawapo ya mawili: ataacha ufundi akaendeshe bodaboda, au atajifunza kulaza bomba bapa.

Zamani jambo hili lilikuwa na dawa yake. Mtaa ulikuwa mdogo, na fundi alikuwa jirani yako. Akiharibu, mtakutana msikitini au kilabuni. Zaidi ya hapo, kila fundi alikuwa na mtu aliyemfunda, na jina la huyo mkubwa wake ndilo lilikuwa cheti chake. "Huyu katoka kwa fulani wa Katonga," ulikuwa unaambiwa, na inatosha, kwa sababu fulani wa Katonga asingekubali mtu aliyemfunda amwaibishe. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu milioni 2.1 katika sensa ya mwaka 2012. Mwaka 2022 tulikuwa tumeshapita milioni 2.4. Mwandiga, Gungu, Mwanga, kila mahali pana nyumba mpya, na wanaozijenga wametoka Kasulu, Kibondo, Tabora na kwingine. Cheti cha ukoo wa ufundi kimekufa kwa sababu hakuna anayemjua aliyemfunda nani. Cheti cha karatasi hakijawafikia wengi. Tumebaki katikati, tunachagua fundi kwa bei na kwa vigae.

Huo ndio uongo wa ubora. Uongo wa tarehe una chanzo kingine, nacho ni fedha. Keti kwa fundi cherehani yeyote pale Mwanga siku moja nzima uangalie mzunguko. Mteja wa kwanza ameacha kitenge na kianzio. Kianzio kimelipa pango la kibanda. Anakuja wa pili; kianzio chake kinanunua uzi, zipu na bitana ya nguo ya wa kwanza. Wa tatu analipia luku na chakula cha mchana. Ili nguo ya wa tatu ishonwe lazima aje wa nne, na wa nne haji mpaka aambiwe nguo yake itakuwa tayari Ijumaa. Fundi huyu anajua Ijumaa haiwezekani. Akisema ukweli, wa nne anakwenda kibanda cha pili ambako ataahidiwa Alhamisi.

Kinachokosekana hapo ni mtaji wa kuendeshea kazi, fedha kidogo ya kununulia vifaa kabla ya kulipwa. Benki inataka dhamana, naye ana cherehani moja. Asilimia kumi ya mapato ya halmashauri imetengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na ni jambo jema. Lakini seremala mwanamume wa miaka hamsini na tano, mwenye karakana ya peke yake na vijana wawili wanaojifunza kwake, hayumo katika fungu lolote kati ya hayo matatu. Yeye ndiye mwenye ujuzi wote. Vijana wake wakijiunga kikundi wanaweza kukopeshwa, ilhali anayewafunda hawezi.

Nimetaja kufunda, na hapa ndipo penye uzito wote wa suala hili.

Serikali haijakaa kimya kuhusu ufundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, SIDO, shirika la viwanda vidogo, imekuwepo tangu 1973, na tangu Januari 2024 shule za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, kando ya mkondo wa jumla. Upo pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazi mtaani hupimwa na VETA na kupewa cheti bila kulazimika kukaa darasani miaka. Huu wa mwisho ndio ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu unakubali kwamba ujuzi wa mtaani ni ujuzi.

Lakini hebu rudi Kibirizi kwenye lile gogo. Mzee yule anafundisha. Ana mwanafunzi, ana mtaala ambao ameubeba kichwani kwa miaka hamsini, na ana mtihani mkali, maana anayefeli boti yake inazama. Shule yake haina ruzuku. Kila saa anayoitumia kumwambia kijana "toa, rudia" ni saa ambayo boti inachelewa na mwenye boti ananung'unika. Kijana naye halipwi kitu cha maana akiwa anajifunza, ila chakula na hela ya sabuni. Nilimuuliza mzee amefunda wangapi. Alihesabu kwa vidole, akafika kumi na mmoja. Nikauliza wangapi bado wako kwenye boti. Wanne, akasema, na wawili kati yao wako ng'ambo, Kongo.

Waajiri nchini hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa mwaka 2023 hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa, na sehemu ya fedha hiyo huenda VETA. Fedha ya kuendeleza ujuzi ipo, basi. Ninachopendekeza ni kwamba sehemu yake, hata ndogo, imfuate anayefunda pale alipo. Fundi mkongwe asajiliwe kama mkufunzi, apewe posho kwa kila kijana anayemfikisha kiwango fulani, na kijana apimwe na mtu wa nje, kwa kazi ya mikono, papo hapo mwaloni au karakanani. Programu nyingi za uanagenzi huwapeleka vijana vyuoni, na vyuo vina mashine nzuri. Lakini mashine si mwalo. Sikio lile la kusikia nyundo inayozama halifundishwi kwa kitini.

Najua nitakayoambiwa: boti za mbao zina mwisho wake, zama ni za faiba. Ni kweli boti za faiba zimeanza kukopeshwa kwa wavuvi, na wengi wanazifurahia. Faiba nayo hupasuka. Siku ikigonga jiwe atahitajika mtu anayejua kuikwangua ufa mpaka penye uzima, kuikausha, na kupaka matabaka kwa mpangilio bila kufungia unyevu ndani, ambao ukifungiwa utaula ubavu kimyakimya. Ni kazi ileile ya pasipoonekana, kwa dawa tofauti. Vivyo hivyo kwa michikichi yetu. Miaka hii mkoa umehimizwa kupanda, na hata hivyo mawese mengi bado hukamuliwa kwa mashine zilizochomelewa na mafundi wa hapahapa. Ukitaka kujua tofauti ya fundi na fundi, muulize mama anayekamua: mashine ya huyu skrubu yake imepinda mwaka wa kwanza, ya yule mwaka wa sita bado inaminya mpaka makapi yanatoka makavu. Ukizitazama dukani zimepakwa rangi moja.

Kuna mahali pamoja ambapo umma una nguvu ya moja kwa moja, napo ni majengo yetu wenyewe. Mwaka 2021 serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, na sehemu kubwa ilijengwa kwa fosi akaunti, yaani shule au halmashauri inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa eneo husika badala ya kumpa kandarasi mkubwa. Mimi ni shabiki wa utaratibu huo. Fedha inabaki kijijini, na mwashi wa Buhigwe anajenga darasa atakamosoma mwanawe. Ila una udhaifu mmoja: kamati ya shule, watu wema wenye nia njema, hukagua kile wanachoweza kukiona, na kwa kawaida wanaitwa jengo likiwa limeshapakwa rangi. Iwekwe kanuni moja isiyo na gharama, kwamba hakuna kufunika kabla ya kuonyesha. Nondo za msingi na za mkanda zionwe na kuhesabiwa kabla zege halijamwagwa, na kumbukumbu iandikwe pamoja na jina la fundi. Zege lenyewe liachwe linyweshwe maji siku saba kabla mtu hajaulizia hatua inayofuata. Fundi mwaminifu ataifurahia kanuni hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kazi yake halisi itakuwa imeonwa.

Nyumbani pia inawezekana. Tangu lile bafu la Ujiji nimebadili namna ya kupatana. Simuulizi fundi atamaliza lini kabla sijamuuliza ataanzaje. Namwambia mapema kwamba nitakuja kabla hajafunika, na kwamba siku ya kusafisha maungio nimeiweka kwenye hesabu. Vifaa nanunua mwenyewe ili kianzio changu kisiende kuziba shimo la mteja mwingine. Fundi mmoja, nilipomweleza hivyo, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama nami nimewahi kuwa fundi. Bei yake haikushuka. Alinionyesha kila bomba.

Mzee wa Kibirizi alimaliza boti ile siku ya tatu. Mwenye boti alitaka ianze safari jioni ileile, kwa kuwa giza la dagaa lilikuwa linakaribia na alikuwa ameshachukua mafuta. Mzee akakataa. Boti ikashushwa majini ikafungwa kamba karibu na ufuko ilale hapo usiku mmoja inywe maji, na kijana akaambiwa alale ndani yake na kopo na tochi. Aliagizwa kitu kimoja: kila akiamka, apapase kwa kiganja pale aliporudia.

Nilifika alfajiri. Kijana alikuwa amekaa ukingoni, macho mekundu kwa usingizi, suruali imekunjwa hadi magotini. Mzee alikuwa ameshahamia boti ya pili, anagonga.

"Vipi kule?" akauliza bila kugeuka.

"Pakavu, babu."

Mzee akampungia mkono aje ashike patasi.